Madoa Kumi na Saba

"Matundu kumi na saba," mumewe alisema kutoka gizani. "Mama Pindo, umeharibu kitambaa cha watu."

Mama Pindo alikuwa amesimama nje ya mlango wa chumba chao cha kulala, pini mbili mdomoni. Ilikuwa saa tisa ya mchana, jua linawaka hata bati la jirani linalia. Ndani alikuwa ametundika pazia jeusi alilolishona kwa ajili ya maabara ya mumewe, tabaka mbili, na kumwomba aketi humo aangalie kama kuna mahali panapovuja mwanga. Maabara ilikuwa inajiandaa kupokea wageni Alhamisi, na chumba cha giza kilitakiwa kiwe giza kweli.

Alitema pini. "Tundu moja nitakukubalia, maana mimi si malaika. Kumi na saba, hapana."

"Ingia uone mwenyewe. Ila usinihimize. Keti kwanza macho yaive."

Kuiva kwa macho ndiyo iliyokuwa kazi ya mume wake. Pale maabara walikuwa wanafuga bakteria wa baharini, vijidudu visivyoonekana, lakini vikijazana pamoja hutoa mwanga wa buluu hafifu kama moshi. Kila asubuhi aliingia chumba cha giza, akaketi nusu saa bila kufanya lolote mpaka macho yake yazoee, kisha akahesabu madoa yanayong'aa kwenye visahani vya kioo, kimoja kimoja, akitamka idadi kwa sauti na mtu wa nje akiandika. Alifanya hivyo miaka kumi na tisa. Mashine ya kupima mwanga ilikuwepo, lakini ilikuwa mbovu tangu mwaka uliopita, inasubiri kifaa kutoka nje. Hakuna aliyeililia sana. Mtu mwenyewe walimwita Macho, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu.

Mama Pindo aliketi kando yake kitandani. Robo saa ikapita. Hakuona kitu, hata mkono wake mwenyewe.

"Nionyeshe moja."

Macho alimshika kidole, akakipeleka taratibu mpaka kwenye pazia. Kitambaa kilikuwa kizima. Alipapasa kwa kidole kile kile kinachojua uzi ulioruka hata kabla jicho halijaona. Kizima kabisa.

"Hilo hapo," Macho alisema. "Chini ya kucha yako. Sasa limesogea kulia."

"Tundu halisogei, baba."

Mama Pindo alitoka, akachukua blanketi zito, akalitundika juu ya pazia, akarudi akafunga mlango.

"Na sasa?"

"Kumi na tisa," alisema.

Lililomtia baridi si ile idadi. Ni ile sauti. Haikuwa sauti ya mtu anayebahatisha wala anayetania. Ilikuwa sauti yake ya kazini, tulivu, yenye hakika, sauti ambayo watu wenye shahada nne walikuwa wakiiandika neno kwa neno.

"Uchovu," Macho alisema, akafungua mlango upesi kuliko kawaida yake, na akagonga bega la kushoto kwenye fremu kana kwamba fremu ilihamishwa.

Kesho yake Mama Pindo alipeleka pazia mwenyewe. Mlinzi wa getini alimpokea furushi akambebea mpaka mlangoni, ingawa haikuwa kazi yake, na Mama Pindo hakusahau jambo hilo.

Ndani alimkuta Mama Rojo, mpishi wa maabara. Huyu hakuwa anapika chakula cha watu. Alipika rojo ya mwani ambayo bakteria huoteshwa juu yake, na alikuwa akijisifu kwamba ndiye mpishi pekee duniani ambaye walaji wake hawajawahi kulalamika.

"Shoga, karibu! Umesikia habari? Mumeo anaingia vitabuni."

"Vitabu gani?"

"Muulize mwenyewe Daktari. Tangu juzi hajakaa kwenye kiti."

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu, koti jeupe lenye doa la chai mfukoni. Alimshika Mama Pindo mikono yote miwili.

"Mama Pindo, hebu keti nikueleze, maana hii ni furaha ya nyumba yako pia. Tuna aina moja ya bakteria iliyozimika. Tumeiotesha kwa miaka, vizazi na vizazi, mwanga ukaisha kabisa. Wote tulijua imekwisha. Miezi mitatu iliyopita nikavichanganya visahani vyake na vingine, nikavipa namba za siri, Macho asijue kipi ni kipi. Wiki ya kwanza akahesabu madoa manne kwenye vile vilivyozimika. Nikasema ni bahati mbaya. Baadaye tisa. Juzi kumi na saba! Mwanga unarudi wenyewe, Mama Pindo. Hakuna aliyewahi kuandika jambo hili. Makala inaondoka Alhamisi hii kwenda kwenye jarida, na safari hii Macho hatashukuriwa kule chini kwa herufi ndogo. Ni mwandishi. Jina lake ni la pili, baada ya langu."

Alimwonyesha karatasi. Jina lilikuwepo, refu, kamili, lile la kitambulisho. Mama Pindo alilisoma mara mbili. Miaka kumi na tisa makala zilitoka, karibu arobaini, na kwenye zote mumewe alikuwa "mhudumu wa maabara". Mara moja walimwandika "mhudumu mmoja".

"Kuna mwingine aliyeyaona hayo madoa?" aliuliza.

"Mwanzoni, hapana. Macho yetu hayajaiva kama yake. Lakini wiki hii niliingia nikakaa saa nzima, akanielekeza yalipo, na nikaona matatu."

"Mimi mawili," Mama Rojo alidakia. "Yananikonyeza kabisa."

Mama Pindo alitazama mlango wa chumba cha giza. Ulikuwa wazi nusu, na ndani mumewe alikuwa amepiga magoti akifunga ncha ya pazia, anapapasa kwa mkono mahali ambapo ndoano ilikuwa wazi mbele ya uso wake.

Jioni hiyo hawakuwasha redio. Macho alikula taratibu, akigeuza kichwa kama kuku ili aione sahani.

"Upande wa kushoto kuna nini?" Mama Pindo aliuliza.

"Upande gani?"

"Baba, usinizungushe. Mimi si kisahani."

Macho aliweka kijiko. "Kuna kitu kama kivuli. Kilianzia pembeni. Sasa kimefika karibu na pua."

"Na zile taa?"

"Zipo."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya yale madoa manne."

Nje mtu alikuwa akiita mbuzi wake kwa matusi ya mapenzi.

"Asubuhi nilipitia zahanati ya macho," Mama Pindo alisema. "Nikasema ni mimi ninayeumwa. Muuguzi akaniandalia kiti, akanieleza kama dada yake. Akasema ukiona cheche gizani, halafu pazia likaanza kushuka, utando wa nyuma ya jicho unabanduka. Wakiuwahi wanaurudisha. Ukichelewa ndio basi, hata waje madaktari wa mbinguni. Akaniambia, mama usiende nyumbani, panda juu kwa daktari sasa hivi. Ilibidi nikimbie."

"Alhamisi," Macho alisema.

"Leo ni Jumanne!"

"Siku mbili. Wageni waone picha yangu ya kila mwaka, makala iondoke, halafu nitakwenda popote utakapo. Nikienda leo wataniuliza umeanza lini kuona mambo. Na nitajibu nini? Mke wangu, mimi ni Macho. Macho yakiondoka, pale ndani nabaki nani? Mtu wa kufagia na kivuli chake."

"Na jicho?"

"Limevumilia miezi mitatu."

Mama Pindo alitaka kusema mengi. Lakini alikumbuka jina lile kwenye karatasi, na akaona jinsi mumewe alivyokuwa amekunja kitambaa cha mezani vipande vidogo vidogo, kama mtoto anayengoja adhabu. Akasema, "Siku mbili, basi," na alijuta kabla ulimi haujarudi mahali pake.

Alhamisi wageni walifika saa nne asubuhi, watu kama thelathini: walimu, wazee wawili wa mtaani, watu wa ofisi wenye vitambulisho shingoni. Walionyeshwa darubini, wakaonyeshwa makala zote za maabara zilizotundikwa ukutani, wakasema "hee" mahali panapofaa. Kilichowaleta hasa kilikuwa picha. Kila mwaka maabara ilichora picha moja kwa bakteria wenye mwanga, na mchoraji alikuwa Macho. Alichovya kijiti kwenye maji yenye bakteria na kuchora juu ya rojo, visahani arobaini vilivyopangwa safu kwa safu kwenye ubao. Maji hayana rangi, kwa hiyo mchoraji haoni anachochora. Huchora kwa kukumbuka mkono ulipopita. Visahani hulala kwenye kabati lenye joto maalumu, na kesho yake picha inawaka. Mwaka huu hakumwambia mtu amechora nini.

Mama Pindo alikuwa akirekebisha pindo la pazia Mama Rojo alipomvuta pembeni, jasho limemtoka.

"Shoga, kuna balaa. Nimetoka kuangalia lile kabati. Linatakiwa nyuzi kumi na nane. Limekaa thelathini na nane tangu jana! Hawa wadudu ni wa maji ya baridi, joto hilo ni kuwachemsha. Nani alisoma namba?"

Wote wawili walijua nani alisoma namba.

"Na picha?"

"Nimechungulia. Giza. Hata chembe." Mama Rojo alisita, akapunguza sauti. "Au labda macho yangu hayajaiva."

"Mwambie Daktari."

"Yuko ndani tayari na kundi la kwanza. Pazia limeshushwa nusu saa nzima, wanaivisha macho."

Mama Pindo aliinua pazia tabaka moja baada ya jingine, akaingia, akajibana ukutani. Giza lake mwenyewe lilimpokea, jeusi bila tundu, na kwa mara ya kwanza maishani aliiogopa kazi ya mikono yake. Alisikia watu kumi na wawili wakipumua. Alisikia saa ya mtu. Kisha sauti ya mumewe, ile tulivu:

"Tayari. Sasa mnaweza kutazama mbele. Asanteni kwa subira. Huyu hapa ni mwanamke. Ameinama. Mnaona mgongo?"

Kimya.

"Unaanzia hapa juu, unashuka hivi."

"Naam," mzee mmoja alisema, polepole. "Mgongo. Naam."

"Na hili ni gurudumu la cherehani."

"Ahaa! Nimeliona," alisema mwalimu mmoja. "Jamani, kama linazunguka!"

"Linazunguka," akasema mwingine.

Hakukuwa na kitu mbele yao, vioo tu na rojo iliyokufa. Watu walikuwa wanaona. Pengine wawili watatu walisema kwa wema, ili wasimwaibishe mtu mpole anayejitahidi. Lakini sauti zao zilikuwa zinabadilika, zinakuwa za watu walioguswa na jambo. Mtu mmoja alianza kulia kidogo. Naye mwenyewe, alipokazia macho pale ilipotoka sauti ya mumewe, aliona kitu cha buluu kikianza kujikusanya, mkunjo wa bega, mkono ulionyooka juu ya kitambaa. Bega lake. Alifumba macho. Bega lilibaki.

Hapo ndipo alipovua mtandio wake mweusi.

Alipapasa ukuta mpaka kwenye ubao, mkono wake ukagusa vioo vya baridi, akautandaza mtandio juu yake kuanzia pembe hadi pembe, akausawazisha kama anavyosawazisha shuka la mgeni. Hakutoa sauti. Mumewe alikuwa hatua moja kutoka kwake, hakusita hata kidogo.

"Na hapa," Macho alisema, "ni uso wake."

"Mzuri," alisema yule mzee.

"Anacheka," alisema mwalimu.

Mama Pindo, amesimama na viganja vyote viwili juu ya nguo, hakuwa anacheka.

"Daktari," Macho alisema kwa furaha, "sogea uwaonyeshe ile safu ya chini. Asubuhi ulipochungulia uliniambia ile ndiyo iliyotoka vizuri kuliko zote."

Hatua zilisikika. Mkono wa Daktari ulikuja mbele, ukitafuta ukingo wa ubao ili aelekeze, ukagusa nguo. Ukasimama. Ukaenda kushoto, ukakuta nguo. Ukaenda kulia, ukakuta nguo, halafu ukakuta vidole vya Mama Pindo.

"Nani ameweka hii?" Daktari alinong'ona.

"Mimi."

"Lini?"

"Kabla ya uso."

Daktari alivuta pumzi, akaishikilia muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, na Mama Pindo alimpenda kwa ile sauti mpaka mwisho wa maisha yake, "Wageni wetu, asanteni sana. Tokeni taratibu, shikaneni mabega. Chai iko nje."

Wakabaki watatu.

"Macho," Daktari alisema. "Sasa hivi unaona nini?"

"Naona picha yangu."

"Mkono wangu uko juu yake. Na chini ya mkono wangu kuna mtandio wa mkeo."

Walimsikia akiketi sakafuni, mifupa ya magoti ikilia.

"Basi ni hivyo," alisema mwishowe.

"Na yale kumi na saba?"

"Nilijua, Daktari. Siku ya yale tisa nilifumba macho mbele ya visahani, nikayakaza kwa viganja. Yalikuwepo bado. Tisa. Nikayataja, wakaandika."

"Kwa nini, ndugu yangu?"

"Siku ya yale manne ulifurahi sana. Ulinishika mikono. Miaka kumi na tisa hukuwahi kunishika mikono."

Gizani pale Daktari alikaa naye sakafuni, koti jeupe na kila kitu. Mama Pindo alitarajia maneno makali na alikuwa amejiandaa kuyapokea kwa ajili ya mumewe. Hayakuja.

"Mimi niliona matatu," Daktari alisema. "Nilikula kiapo mbele ya nafsi yangu kwamba nimeyaona. Nisingeyaona kama hukuniambia ni mangapi. Wewe una ugonjwa, Macho. Mimi sina hata kisingizio hicho."

"Jicho la kushoto," Mama Pindo alisema. "Pazia limeshuka mpaka puani. Waliniambia ni siku ile ile. Hiyo ilikuwa Jumanne. Nilimkubalia siku mbili, Daktari. Mimi mwenyewe nilikubali."

Daktari alisimama. "Funguo za gari ziko kwenye koti langu. Mshike mkono huo."

Walipopita ofisini, makala ilikuwa imefunguka kwenye kompyuta, inangoja kubonyezwa tu iende. Daktari aliinama, akaifunga bila kuituma, na wakaenda.

Walimfanyia upasuaji siku hiyo hiyo. Jicho la kulia lilikuwa na mpasuko mdogo, likashonwa kwa mwanga. Mama Pindo alipoelezwa hivyo aliuliza wametumia mshono gani, na daktari wa macho akacheka, akamchorea kwenye karatasi. La kushoto walilitia hewa ndani ili isukume utando urudi ukutani. Kwa hiyo Macho alitakiwa alale kifudifudi siku saba, usiku na mchana, uso umetazama chini kupitia tundu la kitanda. Kama litaona au halitaona, walisema, tutajua baadaye.

Kwa siku hizo alikuwa anawajua watu kwa miguu. Viatu vyenye visigino vilivyolika upande mmoja, Mama Rojo, aliyeleta supu na habari zote za mjini. Viatu vyeusi vya kamba, Daktari.

Siku ya tano viatu vyeusi vilisimama muda mrefu kabla ya kusema.

"Kile kifaa kimefika. Mashine inafanya kazi. Nimepima visahani vyote vilivyozimika."

"Na?"

"Sifuri. Vyote." Ncha ya kiatu ilisugua sakafu. "Nimewaandikia wale niliowatangulizia habari, nikasema tumekosea, na nikasema kosa ni langu kwa sababu ni langu. Jina lako halikutajwa."

"Safari hii ningekuwa wa pili," Macho aliiambia sakafu, na kwa namna fulani ilikuwa utani, na kwa namna fulani haikuwa.

"Daktari, kaa," Mama Pindo alisema, akamsogezea kiti.

Daktari hakukaa. "Kuna jambo moja. Kila asubuhi naingia kile chumba. Najua ni sifuri, karatasi ninayo mkononi. Nikishaketi nusu saa, yale matatu yanakuja. Pale pale." Alitazama dirisha. "Siwezi kuyaondoa. Na Mama Rojo ameacha kuingia kabisa."

Alipoondoka, viatu vyake vilisikika kwenye korido mpaka mwisho, vinakwenda haraka.

Mama Pindo alitandika mkeka chini ya kitanda, akajilaza chali, akajisukuma mpaka uso wake ukawa chini ya uso wa mumewe, kupitia lile tundu. Jicho moja limefungwa bandeji, jingine jekundu kama pilipili. Lilikuwa wazi. Mwanga wa mchana ulijaa chumba.

Walitazamana. Mama Pindo aliogopa kuuliza, kwa sababu mtu huyu alishawahi kuuona uso wake chini ya nguo nyeusi.

"Unaniona?"

"Nakuona."

"Unasema hivyo kunifurahisha?"

Macho alimkazia jicho, kama anayengoja liive.

"Blauzi umeifunga kombo," alisema. "Kifungo cha pili kimeingia tundu la tatu. Fundi mzima. Umetembea hivyo tangu asubuhi?"

Mama Pindo alipeleka mkono kifuani, akapapasa. Kilikuwa kombo kweli. Alianza kukifungua, na vidole vyake, ambavyo havijawahi kushindwa na kifungo, viliteleza hata ikambidi ajaribu mara tatu, na mumewe akimtazama.